Dhamana iliyo Kisumu haimfai mchuuzi wa Sori

Miaka ya karibuni mawakala wa kampuni zinazouza magari mapya wamekuwa wakiwafuata wanunuzi hadi mikutanoni mwa vyama vya akiba na mikopo. Kwa sababu hiyo, mkulima wa viazi vitamu wa Kabondo au mchuuzi wa samaki wa Mbita, ambaye zamani alitazamia gari kuukuu lililopitia mikono mitatu, leo anaweza kuketi mbele ya meza ya muuzaji na kutia sahihi ya pikapu ambayo haijawahi kubeba gunia. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini kabla hajakabidhiwa ufunguo, huwekewa mezani karatasi ya mwisho. Huambiwa kwamba dhamana ya kiwanda, ambayo aghalabu ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, haitadumu milele, na kwamba akiongeza kiasi fulani cha fedha siku hiyo hiyo, itarefushwa hadi mwaka wa 5. Swali hilo huulizwa katika saa ambayo mtu hana nguvu za kulijibu. Ametumia miezi mingi akihangaikia mkopo, jamaa zake wanamngoja nyumbani na mbuzi amekwisha kufungwa, na kiasi anachotajiwa kinaonekana kidogo kikilinganishwa na bei ya gari lenyewe. Wengi hutia sahihi.

Maoni yangu ni kwamba kwa wengi wetu tunaoishi kati ya Oyugis na Isebania, karatasi hiyo haistahili kununuliwa jinsi inavyouzwa sasa. Sisemi kwamba ni ulaghai. Nasema kwamba imepimwa kwa miaka, ilhali pikapu ya huku hupimwa kwa kilomita, kwa siku za kazi na kwa umbali wa kuifikia karakana. Na vipimo hivyo vitatu vikiingizwa katika hesabu, miaka iliyoahidiwa hupungua mno.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo ambayo muuzaji hupenda kuyaacha yamechanganyika. Bima humlipa mtu gari likigongwa, likiibwa au likiungua, na ile ya kuwalinda watu wengine barabarani ni ya lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria zetu. Dhamana ya kiwanda ni kauli ya mtengenezaji kwamba kazi yake ni njema, na ikidhihirika kuwa si njema ataitengeneza bila malipo. Gharama yake imo ndani ya bei ya gari. Hiyo ya nyongeza ni kitu cha tatu. Ni mkataba wa matengenezo uliolipiwa kabla ya chochote kuharibika. Wamarekani waliona hatari ya kuviita vitu viwili kwa jina moja, na sheria yao ya mwaka wa 1975 iitwayo Magnuson-Moss ikatofautisha dhamana inayokuja pamoja na bidhaa na mkataba wa huduma unaonunuliwa kando. Hapa kwetu vyote ni "waranti", na mnunuzi huondoka akidhani amerefushiwa kamba ile ile, kumbe amefungiwa nyingine iliyosokotwa na mtu mwingine.

Nichukue kisa cha mpwa wangu, ambaye hununua samaki Sori na kuwapeleka Kisii. Alipotaka kununua pikapu alinijia na fomu za muuzaji mmoja ili tuzisome pamoja. "Mjomba," aliniambia, "wananidai Sh140,000 ili nipate miaka 5. Nikubali au nikatae?" Nilimwuliza kwa siku huenda kilomita ngapi. Akasema hazipungui 200, siku 6 kwa wiki.

Hesabu tuliyoifanya haikuhitaji kalamu ya mhasibu. Kilomita 200 mara siku 6 ni 1,200 kwa wiki. Tukitoa wiki mbili za sikukuu, matanga na homa, wiki 50 zilizosalia ni kilomita 60,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba dhamana ya kiwanda ya miaka 3, yenye ukomo wa kilomita 100,000, kwake yeye itakufa baada ya miezi 20. Nayo ile ya nyongeza, ambayo ilitangazwa kwa herufi kubwa kuwa ya miaka 5, ilikuwa na ukomo wake uliojificha ukurasa wa pili: kilomita 150,000. Hizo atazimaliza kwa miezi 30. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba ananunua miaka 2 alikuwa akinunua miezi 10, kwa Sh14,000 kila mwezi.

Hayo ni malipo ya karatasi tu. Masharti yalidai gari lifanyiwe huduma kila kilomita 5,000 katika karakana inayotambuliwa na muuzaji na mhuri ugongwe kitabuni. Huduma moja ikirukwa, ahadi yote inavunjika. Kwa mwendo wa mpwa wangu hiyo ni huduma moja kila mwezi, na karakana iliyotajwa katika fomu yake iko Kisumu. Kutoka mji wa Migori hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka Homa Bay, hata kwa njia ya Kendu Bay, ni zaidi ya 100. Aliye Sori au Muhuru Bay ana kipande chake cha kuongezea kabla hajauona hata mji wa Migori. Siku ya huduma hakuna samaki. Mapato ya mpwa wangu katika siku njema, baada ya kutoa mafuta na ujira wa kijana wa kupakia, ni kama Sh4,000. Ile miezi 10 ya nyongeza ina siku 10 za namna hiyo, yaani Sh40,000 nyingine, mbali na dizeli ya kwenda na kurudi.

Na hapo gari ni zima. Likiharibika je? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Pikapu ikizimika Nyatike alfajiri ikiwa imesheheni mbuta, karatasi tuliyoisoma haikusema ni nani atakayeivuta hadi Kisumu. Haikusema lolote kuhusu barafu inayoyeyuka. Haikumlipa mchuuzi hata senti kwa siku ambazo karakana inangoja kipuri kutoka Nairobi, na hizo ndizo siku zinazomwua, kwa kuwa mteja wake wa Kisii hamngoji. Hununua kwa mwingine, na huenda asirudi tena. Kwa mtu wa Nairobi mwenye gari la pili nyumbani, gharama ya kuharibikiwa ni bei ya kipuri. Kwa mchuuzi wa ziwani, kipuri ni sehemu ndogo ya hasara, na dhamana hulipa sehemu hiyo ndogo peke yake.

Nije sasa kwenye orodha ya vitu visivyolindwa, maana muuzaji huipitia mbio na msomaji hana budi kuipitia polepole. Vilivyolindwa ni injini, giaboksi, difu na kadhalika, vyuma vizito ambavyo katika gari jipya lililotunzwa huwa haviharibiki upesi. Visivyolindwa ni vile "vinavyolika kwa matumizi": klachi, breki, springi, shokamzoba, bushi, betri, tairi. Aliyewahi kupita katika udongo mweusi wa bonde la Lambwe wakati wa masika, au juu ya mawe ya barabara za ndani za Nyatike, anajua kwamba pikapu ya huku haifi kwa injini. Hufia chini, miguuni, na miguu hiyo ndiyo iliyoachwa nje ya mkataba.

Kuna jambo lingine ambalo wenyeji watanielewa haraka. Pikapu mpya ikifika huku, safari yake ya kwanza si kanisani kuombewa; ni kwa fundi, iongezewe springi za nyuma. Kisha huchomelewa vyuma vya kuinua kingo, au hutengenezewa sanduku la barafu. Hakuna anayeona ajabu, kwa sababu bila hayo gari halifanyi kazi ya huku. Lakini katika lugha ya mkataba huko ni kugeuza umbile la gari, nako kunatosha kuufuta. Kadhalika kupakia kupita kiasi: pikapu ya tani moja inayotoa magunia ya mawe ya dhahabu katika machimbo ya Macalder hubeba inavyobebeshwa, wala hakuna mzani pale. Kadhalika kukodisha: katika fomu hiyo ya mpwa wangu kubebea watu wengine mizigo kwa malipo kulikatazwa waziwazi, ilhali ndiyo njia ambayo mwenye pikapu hulipia dizeli ya kurudi nyumbani. Mkataba unaokataza kazi ambayo gari lilinunuliwa kuifanya ni wa mtu mwingine, si wetu.

Mafuta nayo ni kisa kirefu. Tuliokua katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini twaikumbuka Peugeot 504 ya pikapu, ambayo fundi wa kijijini aliifungua kwa spana chache na kuifunga tena jua halijazama. Injini za dizeli za siku hizi hazina subira ya namna hiyo. Husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye vitundu vyembamba, na uchafu kidogo au maji kidogo huzitia kilema cha gharama kubwa. Serikali ilipoweka kodi ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwezi wa Septemba 2018, sababu iliyotolewa ilikuwa kuwazuia waliokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Hatua hiyo ilisaidia, lakini dizeli bado huuzwa kwa mitungi katika fuo za ziwa, na dereva aliyekwama usiku haulizi imetoka wapi. Pampu na nozeli ndizo ambazo mtu hununua dhamana kwa kuziogopa. Ndizo pia ambazo ni rahisi zaidi kwa kampuni kuzikataa, kwa kutamka maneno mawili tu: mafuta mabaya. Mwenye gari hubaki akitafuta risiti za vituo vya petroli za miezi sita.

Mke wa mpwa wangu, ambaye ndiye mtunza hesabu wa nyumba hiyo, hakukubaliana nami upesi, na hoja yake ni nzito kuliko zote nilizozisikia upande huo. "Mjomba," alisema, "hesabu yako ni sawa, lakini mkopo ni wa miezi 48 na hatimiliki ya shamba la mama iko benki. Injini ikifa mwezi wa 25 tutakuwa tunalipia gari lililosimama, na mwisho wake tutapoteza gari na shamba." Shamba hilo ni la dada yangu. Hakuna hesabu ya kilomita inayoweza kumtuliza mtu mwenye hofu ya namna hiyo, wala sikujaribu kuifanya ionekane ya kipuuzi.

Tulichofanya ni kuweka miezi mezani. Karatasi ingekufa mwezi wa 30, na baada ya hapo mkopo ungesalia na miezi 18 bila ulinzi wowote. Kwa upande mwingine, zile Sh140,000 zilikuwepo taslimu. Tukapendekeza ziwekwe katika akaunti ya pekee kwenye chama chao cha akiba, zisitolewe bila sahihi za wote wawili, na kila siku ya kazi ziongezewe Sh300. Siku 300 za kazi kwa mwaka ni Sh90,000. Kwa miezi 20 ni Sh150,000. Kwa hiyo siku ile dhamana ya kiwanda inapokoma, akaunti inakuwa na Sh290,000. Fedha hizo hazijali ukomo wa kilomita wala springi zilizoongezwa. Hulipa klachi, hulipa fundi wa Migori, na pikapu ikilala wiki mbili huweza kulipa hata awamu ya mkopo, jambo ambalo dhamana haiwezi. Samaki huoza, akiba haiozi, nao wakaafiki.

Hapa nakiri kwamba karatasi ina sifa moja ambayo akaunti haina: fedha zikishalipwa, karo ya Januari haiwezi kuzigusa, wala matanga, wala shemeji mwenye shida. Anayejua kwamba hawezi kuitunza akiba yake mwenyewe, na watu wa namna hiyo ni wengi, huenda akafaidika na ulinzi mbovu kuliko kukosa ulinzi kabisa. Lakini na achunge fedha hizo zisiunganishwe na mkopo wa gari, jinsi wauzaji wanavyopenda kufanya, maana atalipa riba ya miaka 4 kwa ajili ya miezi 10.

Wapo pia ambao kwao hesabu hugeuka kabisa. Shule ya bweni ya Rongo au parokia ya Homa Bay ambayo pikapu yake huenda kilomita 15,000 kwa mwaka itafikia mwaka wa 5 ikiwa na kilomita 75,000 tu. Hiyo itapata miaka yake 2 ya nyongeza kamili, itahitaji huduma 3 kwa mwaka, na aghalabu itakuwa na shughuli nyingine Kisumu siku hiyo. Kwao karatasi yaweza kuwa ununuzi wa busara, mradi waulize ni nani aliyesimama nyuma yake: mtengenezaji, kampuni ya bima, au muuzaji mwenyewe. Mnamo Machi 2009, General Motors na Chrysler zilipokuwa taabani, ilimbidi Rais Barack Obama, ambaye babu yake alitoka Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, atangaze kwamba serikali ya Marekani itasimamia dhamana za magari yao, kwa kuwa watu walikuwa wakiogopa kuyanunua. Ikiwa majabali hayo yalihitaji kudhaminiwa, seuze duka lenye yadi moja.

Kuhusu magari yaliyotumika yanayotoka Japani, ambayo sheria yetu hairuhusu yaingizwe yakizidi umri wa miaka 8, sina mengi. Dhamana ya miezi 3 kutoka kwa muuzaji wa yadi haimwondolei mtu hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwanauchumi George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2001, aliandika mwaka wa 1970 jinsi soko la magari makuukuu linavyoharibika pale muuzaji anapozijua kasoro na mnunuzi hazijui, na akaitaja dhamana kuwa mojawapo ya dawa, kwa sababu huhamisha hatari kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji. Mimi huongeza kwamba dawa hiyo hupoteza nguvu zake inapouzwa kando. Kampuni inayodai Sh140,000 ili iiamini injini yake mwenyewe haijaniambia jambo zuri kuhusu injini hiyo.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012. Sioni jinsi haki hiyo inavyotimizwa na kurasa saba za Kiingereza cha mawakili zinazotolewa dakika kumi kabla ya ufunguo. Mkataba na uandikwe kwa Kiswahili, ukomo wa kilomita uwe kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa miaka, na mteja apewe wiki moja ya kwenda nayo nyumbani. Bei nayo ipimwe kwa kilomita zilizoongezwa, ili mchuuzi wa Sori na kasisi wa Homa Bay wasitozwe kiasi kimoja kwa vitu visivyolingana.

Aidha, mafundi wetu watambuliwe. Vijana wanaotoka katika vyuo kama Mawego, na wale waliojifunza kazi chini ya miti kisha wakafanya mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, wanaweza kubadilisha oili na chujio na kugonga mhuri bila gari kwenda Kisumu. Sheria ile ya Marekani ya mwaka wa 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana yake kwa vipuri au huduma za jina moja tu, isipokuwa anazitoa bure. Wabunge wetu wanaweza kuiga kipengele hicho bila kuunda tume.

Hadi hapo watakapofanya hivyo, kampuni zenyewe zina njia iliyo nyepesi zaidi. Mawakala wao hufika Rongo na Homa Bay kutafuta wanunuzi. Na waje vilevile na lori lenye mtambo wa kupimia na mafundi wawili, tarehe moja inayojulikana kila mwezi kwa Rongo na nyingine kwa Homa Bay, wafanye huduma, wagonge mihuri, na wasikilize malalamiko ya watu waliokwisha kulipa.